Wadaka nzi wawili wa kijivu: namna ya kuwatofautisha

Wageni ninaowaongoza hapa Lushoto huja wakitamani ndege wa rangi kali, na hawa wawili huwapita tu. Mimi nawapenda sana. Wote ni wa kijivu, wote hukaa kwenye kijiti kikavu, wakachomoka kudaka mdudu hewani, wakarudi. Kwa majina ya kisayansi ni Muscicapa adusta, mwenyeji wa milimani, na Muscicapa striata, anayezaliana Ulaya na Asia na kuja Afrika kukimbia baridi.

Anza na kalenda. Ukimwona Juni au Julai pembezoni mwa msitu wa Magamba, huyo ni adusta. Striata huanza kuonekana Oktoba hivi, na Aprili ikiisha huwa ameshaondoka. Kazi ipo katika miezi hiyo, maana wote wawili wapo.

Usihangaike na rangi ya mgongo. Kivulini huwezi kuiamini. Tazama bawa lililokunjwa. La striata ni refu, ncha yake hufika karibu nusu ya mkia: ni bawa la kuvuka mabara. La adusta ni fupi, huishia jirani na shina la mkia. Alama hii naiamini kuliko zote, kwani huonekana hata jua likiwa nyuma ya ndege na wewe unaona umbo jeusi tu.

Kisha tazama paji. Striata ana michirizi myembamba ya rangi nzito kuanzia paji hadi utosini, na mingine kifuani. Utosi wa adusta hauna michirizi, na kifua chake ni kama kimepakwa masizi yakafutwa kwa kidole. Adusta pia ni mdogo, sentimita 12 hivi, mwenye kichwa cha mviringo. Striata ana 14, mwembamba, na hupenda mahali pa wazi, hata kwenye waya za shambani.

Jihadhari na kinda la adusta. Lina madoadoa mwili mzima, na watu wengi wakiyaona huandika striata. Striata hazai huku. Subiri kidogo, mzazi ataleta chakula.

Ndege akichomoka, usimfuate kwa darubini. Iache ielekee kijiti kilekile alichotoka. Mara nyingi atarudi hapo, nawe uwe tayari kwenye bawa.