Umepewa Notisi ya Kuhama Dodoma? Namna ya Kuomba Msaada Kabla Vyombo Havijatolewa Nje

Kwa mpangaji wa Chang'ombe, Nkuhungu, Ipagala au Nzuguni, habari ya kuhama mara nyingi haiji kwa barua. Inakuja kwa mdomo, jioni, mlangoni: "Mwezi ujao nina wageni wangu, tafuta pengine." Mwingine anaandikiwa mistari miwili kwenye karatasi ya daftari, haina tarehe wala sahihi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kupandishwa hadhi kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara wanagombea vyumba vilevile. Anayeumia ni muuza mboga, fundi wa kutwa, mama lishe na bibi anayelea wajukuu.

Naandika kama msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika asasi ndogo isiyo ya kibiashara inayosaidia watu walio kwenye hatari ya kukosa makazi. Wengi tunaowapokea tungeweza kuwasaidia zaidi kama wangekuja siku ya kwanza ya notisi. Wanakuja wakiwa tayari wametoka, godoro liko kwa jirani, watoto wamegawanywa kwa ndugu. Wametoka kwa aibu, au kwa kutishwa, hakuna baraza la ardhi na nyumba lililowatoa. Kwa hiyo kabla ya yote: usihame kwa hasira, wala usihame usiku. Mwenye nyumba anayo haki ya kutaka nyumba yake, lakini asipoelewana nawe, njia yake halali ni kwenda kwenye baraza kuomba amri. Kukutolea vyombo kwa nguvu, kung'oa bati au kukufungia mlango watoto wakiwa shule si njia hiyo, hata kama unadaiwa.

Siku ya kwanza: pata notisi kwa maandishi

Ukiambiwa kwa mdomo, omba iandikwe, na uombe kwa heshima. "Mzee, nimekusikia, naomba uniandikie ili nami nijipange." Akikataa, andika wewe: tarehe, saa, maneno aliyosema na nani alikuwepo. Kisha mtumie ujumbe wa simu ukirudia alichokuambia. Akijibu hata neno moja, tayari una kitu mkononi.

Halafu soma mkataba wako. Kama unataja muda wa notisi, huo ndio unaofuatwa. Kama hamkuandikiana muda wa upangaji wala notisi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatazama kipindi unacholipia kodi: anayelipa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi, anayelipa kwa miezi mitatu anastahili miezi mitatu. Jambo ambalo wengi wanalitarajia na halipo ni ofisi ya kupanga kiwango cha kodi. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Ukienda kwa mtendaji kulalamika tu kwamba kodi imepanda, hatakuwa na la kukufanyia. Ukienda kulalamika kwamba unatolewa bila notisi ya kutosha, una hoja.

Kusanya karatasi

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi haijatoka. Mkataba, kama upo. Notisi, au maelezo yako uliyoandika siku ile. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto au barua ya shule wanayosoma. Kama kuna mgonjwa au mwenye ulemavu nyumbani, karatasi za hospitali.

Cha muhimu kuliko vyote ni ushahidi kwamba umekuwa ukilipa kodi. Wengi wetu hatupewi risiti. Kuna mama mmoja alikuja akiwa na daftari dogo la mahesabu ya nyanya, na pembeni mwa kila ukurasa wa mwisho wa mwezi aliandika "kodi" na kiasi, na mwenye nyumba ametia sahihi yake kwa kalamu nyekundu. Daftari lilikuwa limelowa na kunuka kitunguu, lakini ndilo lililomaliza ubishi kuhusu miezi aliyodaiwa kutolipa. Kama ulilipa kwa simu, usitegemee ujumbe uliobaki kwenye simu, kwa sababu simu huibiwa na kuharibika. Nenda kwenye duka la huduma la kampuni ya simu yako, omba taarifa ya miamala ya miezi husika, ikichapishwa ihifadhi. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika kisheria, na sheria ya miamala ya kielektroniki imekuwepo tangu 2015.

Toa nakala za kila kitu. Karatasi halisi zibaki kwako, kwenye mfuko wa plastiki, na ikiwezekana nakala moja ya kila karatasi ikae kwa jirani unayemwamini. Siku vyombo vinapotolewa nje, karatasi ndizo zinazopotea kwanza.

Mtendaji wa mtaa na barua ya maombi

Anzia kwa mjumbe wako, kisha ofisi ya Serikali ya Mtaa. Unachotafuta ni barua ya utambulisho inayothibitisha kwamba unaishi pale na hali ya kaya yako. Bila muhuri wa mtaa, ofisi nyingi hazitafungua faili lako. Wakati huohuo mweleze mtendaji au mwenyekiti suala lenyewe, maana wao mara nyingi wanamfahamu mwenye nyumba na wanaweza kuwaita wote wawili mkae chini. Nimeona migogoro ikiishia kwenye benchi la ofisi ya mtaa: mpangaji anaongezewa wiki sita, mwenye nyumba anaahidiwa deni kwa awamu mbili. Makubaliano kama hayo yaandikwe, wote watie sahihi, mtendaji agonge muhuri.

Kisha andika barua kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, kwa mkono inatosha. Mfano:

*Mtaa wa ..., Kata ya ...,*
*DODOMA.*
*Tarehe ...*

*Afisa Ustawi wa Jamii,*
*Halmashauri ya Jiji,*
*DODOMA.*

*K.K. Mtendaji wa Mtaa wa ...*

*YAH: MAOMBI YA MSAADA WA MAKAZI YA DHARURA NA USHAURI WA KISHERIA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mkazi wa mtaa huu tangu mwaka ... Ninaishi na watoto watatu, mmoja yuko darasa la nne na wawili hawajaanza shule. Kazi yangu ni kufua nguo za watu kwa kutwa.*

*Tarehe ... mwenye nyumba alinitaka nihame ifikapo tarehe ... Ninadaiwa kodi ya mwezi mmoja, Sh. 50,000, kwa sababu niliugua na sikufanya kazi. Kabla ya hapo sijawahi kuchelewa kulipa. Vielelezo nimeambatanisha.*

*Ninaomba kuunganishwa na msaada wa kisheria, na kusaidiwa mahali pa kukaa na watoto kwa muda endapo nitatolewa kabla shauri halijasikilizwa.*

*Wako mtiifu,*
*(jina, sahihi, namba ya simu)*

Ona kwamba barua imetaja deni. Usilifiche. Afisa atampigia mwenye nyumba, na akigundua deni ambalo hukulisema, atashindwa kuamini na mengine yaliyo kweli. Pia taja unachoomba. Barua inayosema "naomba msaada wenu kwa lolote" inamwachia afisa kazi ya kubahatisha. Peleka nakala mbili, waigonge muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Hiyo ndiyo kinga yako faili likisemekana halionekani.

Msaada wa kisheria, na maombi kwenye asasi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa mtu asiye na uwezo nafasi ya kupata huduma bila malipo, kutoka kwa mawakili na wasaidizi wa kisheria wa taasisi zilizosajiliwa. Muulize Afisa Ustawi au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako ni asasi ipi inafanya kazi eneo lenu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, nayo imekuwa ikipeleka wanasheria kwenye kata na vijiji. Ukisikia wako karibu, nenda na karatasi zako. Mtu akikuomba "hela ya fomu" au "ya kuharakisha" kwa huduma hii, ondoka na uripoti kwa mtendaji. Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayeombwa elfu kumi hapo ni mtu ambaye kesho yake hajui atalala wapi.

Ukifika kwenye asasi inayosaidia makazi utaulizwa mambo yanayoweza kukuudhi: unapata kiasi gani kwa wiki, nani mwingine anachangia, ndugu zako wako wapi, mwezi ujao utalipaje. Tunauliza ili tujue kama kulipiwa deni kutakubakisha ndani ya nyumba, au kutasogeza tu tarehe ya kutolewa. Tutaomba pia kuja kukuona unapoishi na kuongea na mwenye nyumba. Hatumpi mtu fedha mkononi. Kodi tukiilipa tunamlipa mwenye nyumba kwa maandishi. Mara nyingine tunachoweza ni kuandika barua, kusuluhisha na kukusindikiza barazani tu. Kwa hiyo usiache hatua nyingine ukisubiri jibu letu.

Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Usuluhishi wa mtaa ukishindikana, peleka shauri Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu kwenye migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama siku 30 zimepita tangu ufungue shauri na hakuna suluhu, unaweza kwenda wilayani hata bila hati. Ndiyo maana tarehe uliyofungua ni ya kuishika: hakikisha imeandikwa kwenye karatasi yako.

Kwenye Baraza la Wilaya unaandika maombi ukieleza wewe ni nani, mjibu maombi (unayemlalamikia) ni nani, nyumba iko wapi, kilichotokea na unachoomba. Omba na zuio la muda, ili usitolewe wakati shauri linaendelea. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo usiogope kuandika na kuzungumza lugha yako. Wakili si lazima. Sheria inakuruhusu kuwakilishwa na ndugu au mtu wa kaya yako, jambo linalowasaidia sana wazee: mtoto au mjukuu aliyesoma anaweza kusimama kwa niaba ya bibi yake. Kama huna ada, sema mapema na uombe kusamehewa kwa maandishi, ukiambatanisha barua ya mtaa. Ukishindwa na hukuridhika, rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Walio Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa vijijini wataanzia kwa Mtendaji wa Kijiji na Baraza la Ardhi la Kijiji. Yaliyobaki yanafanana.

Kama kufuli limeshapigwa

Hapo usisubiri. Piga picha mlango na vyombo, ita mjumbe na majirani wawili washuhudie, orodhesheni pamoja kilichotolewa na kilichovunjika. Nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi), hasa kama kuna mali iliyoharibiwa au kupotea. Kama una watoto na hamna pa kulala, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au mwone Afisa Ustawi siku hiyohiyo. Aliyefukuzwa na mume au kukimbia kipigo aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa sababu shauri lake si la upangaji.

Mjane anayetolewa na ndugu wa marehemu naye asichanganye njia. Aende Mahakama ya Mwanzo kuhusu mirathi, akiwa na cheti cha kifo na cheti cha ndoa, na aombe msaidizi wa kisheria amsindikize. Wanaohamishwa kupisha mradi, kama wale wa maeneo yaliyochukuliwa kwa uwanja wa ndege wa Msalato au barabara ya mzunguko, suala lao ni fidia. Washike nakala ya fomu ya tathmini na wafuatilie ofisi ya ardhi ya Jiji kwa maandishi.

Ukipata chumba kipya

Kabla hujatoa kodi, andikianeni hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kanisani au msikitini kwenu. Mkataba utaje kiasi cha kodi, kipindi kinacholipiwa, muda wa notisi kwa pande zote, nani anatengeneza paa na choo, na namba ya mita ya LUKU kama mnachangia. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Ulipie ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa barazani hadi ulipiwe. Kisha uende nao ofisi ya mtaa mpya ujiandikishe kama mkazi, na umpelekee mwalimu mkuu barua ya uhamisho kama watoto wanabadili shule.