Somo: Kupima methani kwenye tope la mikoko kwa ndoo na sirinji

Mikoko ya Lamu huhifadhi kaboni nyingi topeni, lakini tope hilo hilo hutoa gesi ya methani. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo ya kaboni dioksidi, kwa hiyo hesabu ya mikoko bila methani ni hesabu pungufu.

1. Kata pete ya bomba la plastiki, kipenyo sentimita 30. Izamishe topeni sentimita 5, siku moja kabla ya kupima.

2. Tandika ubao wa kukanyagia. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mguu ukizama karibu na pete, mapovu yaliyonaswa chini hupanda kwa mpigo, na kipimo kinakuwa cha mguu wako.

3. Andaa ndoo: feni ndogo ya kompyuta ndani, kipimajoto, kitundu chembamba cha kusawazisha mgandamizo, foili nje kuzuia jua.

4. Maji yakishakupwa, ifunike ndoo juu ya pete na uzibe kiungo kwa tyubu ya baiskeli. Kwa sirinji, vuta mililita 20 za hewa ya ndani ya ndoo dakika ya 0, 10, 20 na 30. Sukuma kila sampuli kwenye chupa ya mililita 12 iliyofyonzwa hewa; mgandamizo wa ziada huzuia hewa ya nje kuingia.

5. Maabara itakupa ppm, yaani sehemu za methani katika sehemu milioni za hewa. Sampuli ya kwanza iwe karibu na 1.9, kiwango cha hewa ya kawaida. Mfano: nafasi ya hewa lita 20, nyuzi 30, ongezeko 0.02 ppm kwa dakika. Jibu ni takriban miligramu 0.22 za methani kwa mita ya mraba kwa saa.

Maswali

*Mwalimu, mizizi ya mchu (aina ya mkoko) inazuia pete. Niikate?*
La, ndugu yangu. Gesi hupitia humo. Sogeza pete, au iache mizizi mizima ndani na uihesabu.

*Namba zangu zimeruka dakika ya 20 tu.*
Ni povu. Usilifute, liandike kando, usilichanganye na mstari wa ongezeko la kawaida.

*Mbona vipimo vya mdomo wa mto Sabaki, Malindi, ni tofauti?*
Chumvi. Vijidudu vinavyotumia salfeti, moja ya chumvi za bahari, huvinyang'anya chakula vile vinavyotengeneza methani. Mto ukileta maji matamu, salfeti hupungua. Pima chumvi kila unapochukua sampuli.

*Sensa ya gesi ya jikoni yafaa?*
Haifai. Huanza kuhisi kwenye mamia ya ppm.