Kabla ya kushuka Matema na watoto

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa, ambako Matema ni ufukwe wake, halifiki mita 500. Ukishapita Uyole na kumaliza kupanda, unaanza kushuka: ukungu na chai ya Tukuyu, migomba, kisha mpunga na joto la Kyela. Karibu maandalizi yote ya safari hii yanatokana na mteremko huo.

Anza na breki. Mpelekee fundi gari siku kadhaa kabla, si asubuhi ya kuondoka, akague pedi, mafuta ya breki na rejeta, kwa sababu kurudi ni kupanda na gari limejaa. Kwenye miteremko ya Rungwe weka gia ndogo, injini ilizuie gari. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Ukikuta lori la kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, mbele yako kwenye ukungu, kaa nyuma yake. Hakuna cha kuwahi.

Mafuta jaza Kyela au Tukuyu, na beba fedha taslimu. Barabara kuu inaishia Matema. Mbele yake milima ya Livingstone inatumbukia ziwani, na wengi wanaoendelea huenda kwa boti au kwa miguu. Machi hadi Mei afadhali uahirishe, maana mvua za Kyela ni nyingi na mito hufurika.

Jambo ninaloliombea zaidi ni malaria. Mtoto wa Mbeya amezoea baridi na mbu wachache, sasa analala kando ya ziwa. Sweta lake la asubuhi libaki, lakini chini yake pakia chandarua chenye dawa, nguo nyepesi za mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Kwa mama mjamzito au mtoto mchanga, zungumza na daktari kwanza. Tena, homa inaweza kuja wiki moja, mbili au zaidi baada ya kurudi. Usiseme ni mafua ya baridi: nenda akapimwe siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu kwamba mlikuwa Kyela.

Ziwani, waulize wenyeji pa kuogelea kabla watoto hawajavua viatu. Mamba hupenda midomo ya mito, na konokono wa kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Mchanga mweupe ulio wazi ni bora, ila mtu mzima mmoja awe majini nao, kwani upepo wa kusini huinua mawimbi ghafla. Mkipanda boti, kila mtoto avae boya lake tangu ufukweni.

Mwisho, acha nafasi kwenye buti na kanga kuukuu za kufungia. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe huuzwa Lyulilo, kijiji jirani na Matema, Jumamosi, navyo havistahimili matuta.