Folda ya pamoja: panga kwa kazi, usipange kwa mtu

"Za Mama Rehema", "Mpya", "Mpya 2", "Mkataba FINAL kabisa". Kama folda ya ofisi yenu inafanana na hii, mwongozo huu ni wako. Sisi tuliwahi kutafuta mkataba wa matengenezo ya jenereta, tukapata nakala nne, mbili zikiwa na bei tofauti. Ikabidi tumpigie fundi atusomee nakala yake.

Hatua ya 1: Kompyuta iache kwanza. Pita meza hadi meza na daftari, uliza: "Unafanya kazi gani, na inazaa nyaraka gani?" Andika wanachofanya: kununua, kuajiri, kulipa, kukagua.

Hatua ya 2: Majibu yapange kwa ngazi tatu, yaani jukumu, shughuli, kisha jambo lenyewe:

03 Ununuzi > 03-2 Mikataba > Jenereta 2025

Aliyefanya kazi masjala haoni geni hapa. Majalada ya karatasi yana namba zake tangu zamani. Hata ISO 15489, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu, kinafuata majukumu na shughuli. Idara huunganishwa, watu huhamishwa, lakini ununuzi hubaki ununuzi.

Folda ya "Mengineyo" nawasihi msiifungue. Ndani ya miezi michache itameza kila kitu. Waraka ukikosa mahali, orodha ndiyo yenye pengo, kaeni muizibe.

Hatua ya 3: Kubalianeni majina ya faili:

2025-03-14_Mkataba_Jenereta_v2

Mwaka ukitangulia, faili hujipanga zenyewe kwa tarehe; v2 ni toleo la pili. Msitumie alama za / na : kwa kuwa Windows huzikataa. Msirundike folda ndani ya folda pia, maana anwani ya faili (majina ya folda zote zilizolizunguka pamoja na jina lake) ikizidi takriban herufi 260, programu nyingi hugoma kulifungua.

Hatua ya 4: Chukua nakala rudufu, kisha hamisha jukumu moja tu, lile linalotafutwa zaidi. Folda ya zamani iwe ya kusoma tu. Ruhusa ya kuongeza folda za ngazi mbili za juu abaki nayo mtu mmoja.

Baada ya mwezi, mwombe mwenzako atafute waraka fulani mbele yako, nawe usimsaidie. Akisita mahali, jina la folda hiyo libadilishe siku hiyohiyo.