Somo: Bampa la mabomba na kinga ya ubavu kwa pikapu ya njia mbovu

Pikapu yangu ya kwanza niliifungia bampa ambalo kila aliyeliona alilisifu. Bomba nene, kona safi, rangi nyeusi isiyong'aa. Siku lilipogusa jiwe, tena kwa mwendo wa mtu anayetembea, bomba lenyewe halikupata mkwaruzo wa maana. Zilizokunjika ni zile pembe mbili za pleti ya milimita 3 zilizolishika kwenye chesisi. Bampa likarudi nyuma zimazima, likavunja taa ya kushoto na kuinua ukingo wa boneti. Yaani kile nilichokifunga kulinda gari ndicho kilicholiumiza. Ndiyo maana somo hili nalianzia nyuma ya bampa, pale pasipoonekana.

Hatua ya 1: Lala chini ya gari

Toa bampa la kiwandani, kisha ingia chini na taa na futi kamba. Unatafuta ncha mbili za chesisi na matundu ya bolti yaliyopo tayari. Kwenye pikapu nyingi kebini na bodi ya mizigo hukaa juu ya chesisi kwa raba, kwa hiyo njia ikiwa mbovu bodi hucheza na chesisi hujikunja kidogo. Kitu chochote kikishika chesisi na bodi kwa pamoja, kitapasuka au kitapasua.

Tengeneza pembe za kushikia kwa pleti ya milimita 6, zipige ubavuni mwa chesisi na siyo kwenye ncha tu, kwa bolti zisizopungua 4 kila upande. Bolti ziwe M12 zenye alama 8.8 kichwani. Kama chesisi yako ni ya boksi na bolti inapita kutoka ukuta hadi ukuta, weka bushi ya bomba ndani. Bila bushi kuta hubonyea unapokaza, na bolti iliyokaza leo utaikuta imelegea baada ya safari mbili.

Ukiwa hapo chini, pima na hewa ya rejeta. Bampa zuri linaloziba njia ya hewa litakupa gari linalochemka kwenye mlima mrefu. Pima pia pembe ya kupandia: nyoosha uzi kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi sehemu ya chini kabisa ya bampa. Kadiri uzi unavyosimama wima, ndivyo utakavyopanda ukingo bila kugonga. Faida kubwa ya bampa la mabomba ni hii: unaweza kuzikata kona zipande juu mbele ya matairi.

Mwisho, acha nafasi ya milimita 25 kati ya bampa na bodi. Macho yatakwambia ni pengo kubwa. Usiyasikilize.

Hatua ya 2: Kuchagua bomba

Bomba la kupitisha maji na bomba la kujengea havipimwi namna moja. La maji linaitwa kwa saizi inayokaribia tundu la ndani, la kujengea kwa kipenyo cha nje. Lile la maji linaloitwa inchi moja na nusu, ukilipima kwa nje ni milimita 48.3. Ukichanganya mawili haya, kiolezo cha mashine ya kukunjia hakitakaa.

Kwa bampa la pikapu ya kawaida mimi hutumia kipenyo cha nje cha milimita 44 hadi 51, unene wa ukuta milimita 3 na kidogo. Bomba la 48.3 lenye ukuta wa 3.2 lina uzito wa kilo 3.56 kwa mita. Bampa la mbele lenye mita 8 za bomba linafika kilo 28 kabla hujaweka pleti, winchi wala taa. Kwa hiyo kabla hujaongeza bomba la tatu "kwa ajili ya nguvu", jiulize nguvu hiyo inaelekea wapi. Bomba lisilofikisha mzigo kwenye chesisi ni pambo.

Hatua ya 3: Kukunja

Jeki ya kukunjia mabomba, ile inayosukuma bomba katikati ya roli mbili, imekusudiwa bomba nene la maji. Ukiweka bomba la ukuta mwembamba, litabonyea ndani ya kona, na kona iliyobonyea imepoteza nguvu. Mashine inayozungusha bomba kwenye kiolezo chenye kipenyo chake hasa ndiyo inayotoa kona safi. Kama huna, mpelekee mwenye nayo michoro yako. Nusu kipenyo cha mkunjo, kikipimwa katikati ya bomba, kisiwe chini ya mara 3 ya kipenyo cha bomba, kwa 48.3 ni kama milimita 145.

Chuma hurudi nyuma kidogo ukikiachia. Ukitaka nyuzi 90, itakubidi upitilize kwa nyuzi mbili au tatu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, uandike matokeo kwa chaki kwenye mashine yenyewe.

Wapo wanaojaza mchanga, wakaziba ncha na kupasha moto. Inawezekana, lakini mchanga uwe mkavu kabisa. Unyevu ukifungiwa ndani ya bomba la moto huwa mvuke, na mvuke huo utatafuta njia ya kutokea hata kwa kuirusha ile plagi usoni mwako.

Hatua ya 4: Mdomo wa samaki

Bomba linapokutana na lingine, ncha yake lazima ichongwe ikumbatie mwenzake. Hapa ndipo kazi nyingi za haraka haraka zinapojulikana: ncha imekatwa bapa, pengo la kidole, kisha pengo limejazwa chuma cha kuchomelea.

Kwa makutano ya nyuzi 90 ya mabomba yanayolingana, chukua karatasi ngumu uizungushe kwenye bomba na kuikata ncha zikutane bila kupandana. Kwa bomba la 48.3 utapata ukanda wa kama milimita 152. Ukunje katikati mara mbili, ukiufungua na kuuzungusha tena una mistari minne. Miwili inayotazamana ni ncha za mdomo. Miwili mingine ndiyo kina, nacho ni karibu nusu ya kipenyo, kama milimita 24. Unganisha kwa mkono mstari wa mviringo kama wimbi, kata karatasi, izungushe kwenye bomba, chora, kisha ufuate kwa grinda na kumalizia kwa tupa ya duara. Mwenye keekee ya kusimama na msumeno wa tundu atamaliza kwa dakika chache, lakini karatasi haijawahi kuniangusha.

Kipimo changu: simamisha bomba kwenye mwenzake, weka tochi upande wa pili. Mwanga ukipita kama uzi, chomelea. Ukipita kama waya wa kuchomelea au zaidi, rudi kwenye tupa.

Hatua ya 5: Kuchomelea

Tenganisha betri kabla ya kuwasha mashine ukiwa kwenye gari, na waya wa arthi ubane karibu na unapochomelea. Usiubane upande wa pili wa gari ukauacha umeme uchague njia kupitia beringi au waya za kompyuta.

Fungia pembe kwenye chesisi kwa bolti zote, panga mabomba juu yake, piga vidoti vitatu au vinne vya kushikilia kwa muda kila kiungo. Rudi nyuma hatua kumi, uangalie kwa mbali. Bampa lililoinama huonekana kwa mbali, karibu hulioni. Ukiridhika, usimalize kiungo kimoja chote kwa mkupuo: kipande hapa, kipande upande wa pili, maana chuma kinachopoa huvuta. Wengi hulitoa bampa na kulimalizia mezani, kisha matundu hayakutani tena. Kama unalitoa, lifunge kwenye pleti nzito iliyotobolewa sawa na chesisi.

Kwa ukuta wa milimita 3, mashine ya kuchomelea kwa waya wa milimita 0.8 au 0.9 huwa karibu ampia 120. Kwa fito za kuchomelea za aina ya 7018 zenye milimita 2.5, ni 80 hadi 90, na fito ziwe kavu.

Sehemu ya kuvutia gari likinasa isikae kwenye bomba. Iwe pleti nene iliyounganika moja kwa moja na pembe ya chesisi, yenye tundu la kupitisha pini ya shakoli, ile pingu inayofungiwa kamba ya kuvutia. Shakoli ya upinde ya inchi 3/4 imeandikwa tani 4.75, ukiifunga kwenye bomba la ukuta wa milimita 3, umefunga pingu ya chuma kwenye fimbo ya mwanzi. Na kile kitufe cha duara cha kuvutia trela usikitumie kamwe kunasulia. Kimekatika na kuua watu.

Hatua ya 6: Reli za ubavu

Hizi ni reli za bomba zinazokaa chini ya milango, kila upande wa gari. Kama ningeruhusiwa kinga moja tu kwa gari la porini, ningechagua hizi na kuliacha bampa. Bampa likipinda utanunua lingine. Kizingiti cha chini ya mlango kikibonyea, mlango haufungi tena vizuri, na kukinyosha ni kazi ya kukata bodi.

Miguu mitatu au minne kila upande, yote kwenye chesisi, kila mguu ukitua juu ya pleti iliyosambaza uzito. Pleti hiyo usiichomelee kwa mstari wima unaokata chesisi juu hadi chini. Zungusha pembe zake ziwe mviringo na uchomelee zaidi kwenye mistari inayofuata urefu wa chesisi. Miguu inyanyuke kidogo kuelekea nje, nyuzi 10 hadi 20, ili gari likitua kwenye jiwe liteleze. Hapa pia acha milimita 25 kutoka kwenye bodi, maana mguu utacheza.

Jaribio ni rahisi: weka jeki katikati ya reli, inyanyue gari hadi tairi liache ardhi. Kama reli imegusa bodi, bado hujamaliza.

Hatua ya 7: Kinga ya tumbo

Pleti ya chuma ya milimita 4 chini ya sampu (bakuli la oili la injini) inatosha kwa wengi, nayo ina kilo 31 na kidogo kwa kila mita ya mraba. Toboa tundu la kumwagia oili na matundu ya kutoa matope, iweke mbali na ekzosi. Zikiwa pleti mbili, ukingo wa mbele wa ile ya nyuma uingie juu ya ile ya mbele, la sivyo itachota udongo kama koleo.

Rangi sina mengi. Safisha hadi chuma cheupe, praima ya zinki, rangi mbili. Rangi ya unga ni nzuri kwa macho, ila rangi ya kawaida unaigusia mwenyewe baada ya mawe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina mabomba ya maji ya mabati yamebaki kwenye ujenzi. Naweza kutumia?

Kabla ya kuchomelea, ondoa zinki yote sentimita chache kila upande wa kiungo, nje na ndani. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Mimi nayaacha kwa kazi ya uzio.

Fundi, gari langu lina mifuko ya hewa. Bampa la chuma halitaiharibu?

Swali zuri. Vihisi husoma jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla, na bampa gumu hubadilisha jinsi pigo linavyofika. Usihamishe kihisi hata kimoja. Kama mbele ya chesisi kuna boksi zilizotengenezwa zibonyee, ziache na ushike bampa kwa namna ambayo bado zitabonyea. Zikikatwa, pigo linaingia moja kwa moja kwa walio ndani. Kwa gari jipya ningetafuta bampa lililojaribiwa kwa modeli hiyo hiyo. Na fikiria anayetembea kwa miguu: Umoja wa Ulaya ulitunga agizo lake la ngao za mbele mwaka 2005 kwa sababu yake. Ncha wazi na pembe kali zisiwepo.

Nimeweka bampa na winchi, sasa mbele imelala na usukani umekuwa mzito. Nibadilishe shokomzoba?

Shokomzoba haibebi gari, springi ndiyo inayobeba. Pima uzito uliouongeza, kisha chagua springi za mbele zinazolingana nao, na baada ya hapo upime upya mwelekeo wa matairi. Kumbuka kilo hizo zimetolewa kwenye mzigo ulioruhusiwa kubeba.

Shikamoo mwalimu. Mabomba niliyaziba ncha zote, na kiungo cha mwisho kilikuwa kinatoboka kila nikikifunga. Nilikosea wapi?

Marahaba. Hukukosea mkono, ni hewa. Ikipata joto ndani ya bomba lililozibwa hutanuka na kutokea kwenye chuma kilichoyeyuka. Toboa tundu la milimita 3 mahali pa chini pasipoonekana, maliza kiungo, kisha liache tundu litoe maji. Ukitaka kulipeleka bampa kuzamishwa kwenye zinki ya moto, waambie mapema: bomba lisilo na matundu ya kutosha linaweza kulipuka ndani ya sufuria yao.

Nitajuaje kama kuna kiungo kinapasuka?

Osha gari, subiri likauke, halafu angalia kando ya kiungo, siyo juu yake. Ufa huanzia pale chuma cha kuchomelea kinapokutana na bomba, na dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi. Ukiuona, usiupitishie chuma juu. Usage hadi ufa uishe, uchomelee upya, kisha ulale tena chini ya gari uangalie pembe na bolti zake, maana mara nyingi kiungo kimepasuka kwa sababu huko nyuma kuna kitu kimelegea.