Bata mzinga wakinyamaza: mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia msituni

Kabla ya kulaumu msitu, jua kwanza kwa nini dume la bata mzinga wa porini unayemwinda hasikiki. Mapema katika msimu wa uwindaji wa Aprili, mashariki mwa Marekani, huwa na majike pembeni yake na hana wa kumwita. Baadaye majike huatamia, kazi ya siku 28 hivi, naye hubaki akizurura peke yake, hasa kuanzia saa nne asubuhi. Kwa hiyo beba maji, chakula na mto mnene wa kukalia. Hakikisha pia saa ya kufunga uwindaji wa siku: jimbo la New York, kwa mfano, huruhusu hadi saa sita mchana tu.

Ndege wakiwa wachache, tumia macho kuliko masikio. Tafuta mahali walipochakura, ambapo majani yaliyogeuzwa bado yana unyevu. Kinyesi cha dume ni kirefu chenye ncha iliyopinda kama herufi J. Cha jike hujikunja bonge. Kwenye barabara ya vumbi, michirizi miwili kando ya nyayo ni alama ya mabawa ya dume aliyejitunisha. Ukiwa katika upelelezi huu usiige mlio wa jike hata mara moja, maana utamzoesha kukushuku.

Kisanduku cha kuitia, yaani cha mbao kinachokwaruzwa kuiga mlio wa jike, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mbao zikilowa hazitoi sauti. Kibao cha jiwe, ambacho nacho ni cha kuitia, kikwaruzwe kwa msasa mkavu na kisiguswe kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hukifanya kiteleze. Ita kwa sauti ya chini mara mbili tatu, kisha nyamaza dakika ishirini. Dume mwenye hofu huja bila kuwika. Pengine utasikia mvumo mzito tu, akiwa tayari karibu. Kaa saa nzima. Wawindaji wengi huinuka baada ya nusu saa na kumwona akitoroka.

Bunduki ya marisau ijaribiwe kwenye karatasi. Chora duara la sentimita 25 na ufyatue ukianzia mita 20, ukirudi nyuma kidogo kidogo. Pale marisau yanapopungua chini ya 100 ndani ya duara, umevuka mpaka wako. Kwa marisau ya kawaida ya madini ya risasi, usizidi mita 35.

Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, rangi za kichwa cha dume, mwindaji mwingine asije akakudhania ndege. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Mwindaji mwingine akitokea, mwite kwa sauti kubwa, usimpungie mkono. Wala usinyatie mlio wowote, kwani huenda anayeita ni mtu.

Mwisho, madume machanga. Jimbo la Arkansas humkataza mwindaji mtu mzima kuwaua, nasi tunaona wanaopungukiwa na ndege wasiwaue hata pasipo sheria. Utawatambua hivi: mkia ukifunguka, manyoya ya katikati ya dume mchanga huwa marefu kuliko ya pembeni. Ya dume mzima hulingana.