Kuunda gari la mchezo wa mezani: anza na mzigo, siyo spidi

Gari la kwanza nililounda kwa ajili ya kikundi chetu hapa Dodoma lilikuwa na namba 11: spidi, breki, kona, unene wa bati la mbele, la nyuma, la ubavuni, na kuendelea. Siku ya kulichezesha, kufukuzana kulikula karibu dakika 40. Dereva anarusha dadu, mimi najibu, dereva anarusha tena. Wenzake wanne walikaa tu, na mmoja akaanza kupanga karanga mezani kwa mistari. Hesabu zangu zilikuwa sahihi zote. Tatizo ni kwamba ndani ya gari lile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kazi.

Kwa mgeni wa michezo hii: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, msimulizi anaeleza yanayotokea, na dadu zinaamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Utahitaji dadu mbili za pande 6, penseli, kokoto na kipande cha karatasi.

Hatua ya 1: Andika safari, kisha pima mzigo kwa gunia

Usichore gari kwanza. Andika safari kwa sentensi moja. Ya mfano wetu ni hii: lori linatoa mahindi soko la Kibaigwa, linapeleka kijiji kilicho ng'ambo ya mbuga za Bahi, na mvua za kwanza zimeshaanza. Sentensi hiyo imekupa mzigo, njia na haraka iliyopo.

Mzigo naupima kwa gunia la kilo 100, kwa sababu hakuna mchezaji wa huku asiyejua gunia lina ukubwa gani. Lori la tani 4 linabeba gunia 40. Mtu na vitu vyake ni gunia 1. Madumu 5 ya maji ya lita 20 nayo ni gunia 1. Dizeli ni nyepesi kidogo kuliko maji, lakini ihesabu vivyo hivyo ili usisumbuke. Hadi gunia 20, Mwendo wa lori ni 4. Zikivuka 20 unashuka kuwa 3, zikivuka 30 unakuwa 2.

Hapo tu mchezo umeshaanza. "Kaka, tukishusha magunia matatu tunapanda mwendo?" Mnapanda. Na mwenye mahindi naye yumo ndani ya lori, anaigizwa na aliyekaa kiti cha jirani.

Hatua ya 2: Mpe kila mtu kazi yenye uamuzi

Hatua hii ndiyo inayobeba gari zima, kwa hiyo ipe muda. Lori letu lina kazi nne. Dereva anachagua kila zamu: akimbize au awe mwangalifu. Utingo ananing'inia mlangoni, anasoma njia, na anaweza kuruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi, akijua kwamba anaweza kuachwa. Aliye juu ya mzigo anaona mbali kuliko wote, anashikilia turubai, na ndiye mwenye uwezo wa kukata kamba magunia yamwagike barabarani. Wa nne ni fundi.

Mtazame fundi kwa karibu. Kila akiilazimisha injini, Mwendo unapanda 1 kwa zamu hiyo, na unaweka kokoto 1 kwenye picha ya rejeta. Kokoto zikifika 3, rusha dadu mbili kila zamu: ukipata 7 au zaidi, rejeta inachemka na lori linasimama. Kuondoa kokoto moja kunagharimu dumu zima la maji, na maji hayo ndiyo ya kunywa. Sijawahi kuona meza iliyokaa kimya kwenye uamuzi huo.

Kipimo changu ni rahisi: kama jibu pekee la mchezaji ni "narusha dadu", hiyo bado si kazi. Lazima kuwe na njia mbili, na kila moja iwe na gharama yake.

Hatua ya 3: Namba tatu zinatosha

Mwendo, Usukani, Uimara. Mengine futa.

Kwa nini nisipime spidi kwa miraba ya ramani? Michezo mingi huhesabu zamu moja kuwa sekunde 6. Gari la kilomita 60 kwa saa linakwenda mita 100 kwa sekunde hizo. Mraba mmoja wa ramani ukiwakilisha mita 1.5 na ukiwa na upana wa sentimita 2.5 mezani, lori linahitaji karibu sentimita 167 za meza kwa zamu moja tu. Tumia nafasi tatu kati ya magari: karibu, wastani, mbali. Mwenye Mwendo mkubwa anabadilisha nafasi moja kila zamu.

Usukani unajumlishwa kwenye dadu mbili, na ukifika 8 umefaulu. Usukani 0 una nafasi ya asilimia 42 hivi. +1 ni 58, +2 ni 72, na −1 ni 28. Ona jinsi alama moja tu inavyobadilisha mambo. Ndiyo maana sivuki +2 wala −2.

Uimara ni idadi ya pigo ambazo gari linastahimili kabla ya kusimama kabisa. Lori letu lina Usukani 0, Uimara 4.

Hatua ya 4: Liharibike kwa vipuri

Mchezaji akisikia "gari limepungua alama 6" haoni kitu. Akisikia "springi ya kushoto imekatika" anainuka kitini. Kila pigo linapoingia, rusha dadu mbili. Kati ya michanganyiko 36, 7 inatokea mara 6, kwa hiyo 7 ni tairi, maana pancha ndiyo ya kila siku. Nimeweka 6 kuwa bodi na turubai, 8 mzigo, 5 rejeta, 9 springi, 4 na 10 usukani, 3 na 11 breki. Mbili na 12, zinazotokea mara moja moja, ni injini.

Hatua ya 5: Andika mahali lisipopita

Mkoa huu una somo lake. Kuanzia 1947 hadi 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu mradi mkubwa wa karanga kule Kongwa, na baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, ikavunja majembe, na mibuyu ikagoma kung'oka. Vyuma vizito kiasi hicho, na bado ardhi ilivikatalia.

Kwa hiyo kila gari lipe mstari mmoja: "Halipiti kwenye…" Lori letu halipiti kwenye tope jeusi la mbuga likiwa na zaidi ya gunia 30. Korongo la mchanga linapitika utingo akipunguza upepo wa tairi, ambapo Usukani unapata +1. Lakini mkitoka mchangani mkaingia kwenye mawe kabla hajajaza, matokeo 6 na 8 nayo yanakuwa pancha. Mvua ikinyesha milimani, korongo hilohilo linajaa maji ndani ya zamu chache.

Hatua ya 6: Lijaribu kwa kiberiti

Kasha la kiberiti ni lori, jingine ni wanaolifukuza. Cheza zamu sita na marafiki, huku ukiweka alama kila mtu anapofanya uamuzi. Aliyepitisha zamu mbili bila alama, rudi hatua ya 2 kwa ajili yake. Halafu nakili gari lote kwenye nusu ya karatasi ya A4, mchoro wa rejeta ukiwa mkubwa kiasi cha kutosha kokoto tatu.